Bado ya Shangazi

Shangazi yangu hashoni kitambaa kipya juu ya pamba kuukuu. Ukimwomba mara ya kwanza atakukatalia, ukimwomba mara ya pili atakufukuza, na godoro lako litakufuata barabarani. Nilikuwepo siku mke wa mkubwa mmoja aliposhuka garini na kitambaa cha mistari, kizuri ajabu, akasema, "Fundi, usilifumue. Nivalishie tu hiki juu, wageni wangu wanaingia kesho."

Shangazi hakuinua kichwa. "Wageni watalalia kitambaa au watalalia godoro?"

"Ah, mabonge yamo ndani. Nani atayaona?"

"Mgongo utayaona," akasema Shangazi, akaendelea na kazi yake.

Yule mama alipiga kelele, akataja cheo cha mumewe, akataja na cha kaka yake. Mwisho akalipakia godoro lake na kuondoka. Mimi niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Wakati ule nilidhani ni ubishi tu, na kwa ubishi Shangazi hana mpinzani, hata mwangwi wake angebishana nao.

Nasimulia habari zake kwa sababu watu wamezisema sana, na wengi wamezisema kombo. Mimi ni karani wa mahakama. Kutwa nzima naandika maneno ya watu walioapa kusema kweli, na kweli yenyewe niliikalia miaka saba kama kuku aliyekalia yai viza. Kwa hiyo msinitegemee kuwa mpole.

Kazi yake anaifanyia kwenye chumba kimoja kinachofungukia barabarani, kati ya fundi baiskeli na duka la simenti. Sakafuni ametandika turubai. Godoro likiletwa, analifumua mshono wote, anaimwaga pamba, anaipiga kwa fimbo mbili mpaka vumbi litoke, anaianika juani, kisha anaichambua kwa vidole, bonge kwa bonge. Amejifunga kitambaa puani, na nyusi zake ni nyeupe kwa nyuzi za pamba tangu akiwa msichana. Sindano yake ya kushonea, ile ndefu iitwayo shazia, huichomeka kwenye kilemba, na ole wako umkumbatie bila kuangalia. Akimaliza, kila godoro hulifunga kifundo cha uzi mwekundu kwenye pembe ya chini. "Likirudi," husema, "nalijua kabla halijashuka mkokotenini."

Mtaani wanamwita Bi Sufi. Mito anaijaza sufi, na Ijumaa anakwenda kukaa na masufi, watu wa tarika, basi watu wakajiona wamefanya mzaha mkubwa. Yeye huitika tu na kuendelea kushona.

Kwenye tarika aliingizwa na godoro. Mumewe, dereva wa lori, alikufa ajalini Shangazi akiwa hajatimiza miaka arobaini. Baba yangu ndiye kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka miwili, na wakati huo alikuwa mwalimu mkuu ambaye shule nzima ilinyamaza akikohoa. Akamwambia afunge karakana, ahamie chumba cha nyuma nyumbani kwetu, akae chini ya kivuli chake. Shangazi akamjibu, "Kivuli chako kizuri, Kaka, lakini pamba haikauki kivulini." Baba hakulisahau neno lile.

Miezi michache baadaye, fundi saa mmoja mzee alimletea godoro lake. Kwa kuwa hakuwa na jingine, alikaa pale kutwa nzima akimtazama anavyochambua. Jioni akamwambia, "Unachokifanya na pamba, sisi tunajaribu kukifanya na moyo. Tofauti ni kwamba wewe unamaliza." Shangazi alikwenda Ijumaa ile kwenye zawia, nyumba yao ya ibada, akikusudia kuona hao watu wanaojilinganisha na magodoro. Alikaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, akasikiliza uradi na dhikiri, na hakuondoka tena.

Fundi Saa hakuwa mtu wa miujiza. Alifundisha kwamba moyo una maradhi yake kama mwili: kiburi, husuda, kinyongo, na ria, yaani kufanya jema ili uonekane. Ria, alisema, ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu huvaa nguo safi. Na kila siku alirudia jambo moja ambalo Shangazi alilishika kama amana: "Usiutume ulimi mahali ambapo moyo haujafika."

Baba aliposikia, alichemka. Mjane anayepiga pamba barabarani, sasa anakwenda kutikisa kichwa na watu wa tarika! Akatangaza kwamba asikanyage mlango wake mpaka aache moja kati ya hayo mawili. Shangazi hakuacha hata moja. Bibi, mama yao, alikuwa akiishi kwetu, na mara mbili kwa mwezi nilimsindikiza hadi karakana, akakaa juu ya marobota ya pamba akimkosoa bintiye mishono. Walikuwa wakicheka mpaka fundi baiskeli anakuja kuuliza kuna nini. Kisha miguu ya Bibi ikakataa, na safari zikaisha.

Hapa sasa ndipo penye uchungu, na nitapasema bila kupapaka sukari.

Bibi aliugua siku nne. Tangu siku ya kwanza alimwita bintiye kwa jina lake la utoto. Baba alisema, "Nitampelekea habari kesho." Kesho ikaja, akasema kesho. Sidhani alikuwa na ubaya. Alikuwa akingoja dada yake ajirudi mwenyewe, kama vile mtu angeweza kuisikia homa ya mama yake kutoka upande wa pili wa mji. Siku ya tano asubuhi Bibi akafariki, na alasiri tukamzika. Waombolezaji walijaa uani. Mmoja akauliza, "Binti yake yuko wapi?" Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe vya maji, hatua mbili kutoka kwa Baba. Nilimsikia akisema, "Nilimpelekea habari. Amekataa kuja."

Nikagawa maji.

Siku ya tatu Baba akaniambia lile godoro la Bibi lifumuliwe lishonwe upya, kama ilivyo ada, kisha atalilalia yeye kama ukumbusho wa mama yake. Nilimwita mwenye mkokoteni nikamwambia, "Peleka kwa fundi magodoro. Litalaliwa na Baba." Sikutaja fundi yupi. Mji mzima ulikuwa umebaki na fundi mmoja wa magodoro ya pamba, wengine wote walishafunga tangu yalipoingia ya sponji. Nilijua hivyo? Nilijua. Sikuwa na ujasiri wa kwenda, wala wa kuandika barua, basi nikatuma godoro likaseme.

Shangazi aliona kifundo chekundu kabla halijashushwa. Akauliza, "Mwenye hili yuko wapi?" Mwenye mkokoteni, akijipangusa jasho, akajibu, "Huyo bibi? Tumemzika juzi."

Baada ya siku nne godoro lilirudi, limeshonwa, bila salamu, bila neno. Baba alilala juu yake usiku mmoja, akasema linamkumbusha mno, lihamishiwe chumbani kwangu. Nimelilalia miaka saba. Upande wa kushoto lina mabonge magumu kama ngumi, mgongo wangu unayajua moja moja, na siku zote nilijiambia ni haki yangu kuyalalia.

Na Shangazi akanyamaza. Watu wakasema mwanamke gani huyu, hata mama yake hakumzika, na wengine wakaacha kumletea kazi. Alimweleza Fundi Saa peke yake. Mzee akamwambia, "Ukweli ni wako, una haki ya kuusema. Ila jiulize kwanza: unataka mama yako azikwe kwa heshima, au unataka kaka yako azikwe akiwa hai?" Shangazi alijiuliza, akaona ni hilo la pili, akafunga mdomo. Mwaka uliofuata Fundi Saa akafariki, na mwenye duka la simenti, jirani wa Shangazi, akawa Khalifa, yaani kiongozi wa zawia, badala yake. Ni mtu mwema, tena msafi, ila anapenda amani kama wengine wanavyopenda usingizi.

Halafu, Mungu hakosi mzaha, Baba akastaafu. Alipokosa watu wa kunyamaza akikohoa, alianza kwenda zawia ileile. Mwaka haukupita akawa mstari wa mbele, na nusu ya wale waliokaa pembeni yake ndio waliobeba jeneza la Bibi. Ndugu wawili walimtaja Mola pamoja kila Ijumaa, pazia katikati, bila kusalimiana.

Mwaka huu Baba alipata nafasi ya kwenda Hija. Zikiwa zimebaki Ijumaa mbili kabla ya safari, Khalifa alimsimamisha aage. Nilikuwa nyuma ya pazia na Shangazi. Baba alikohoa, zawia ikanyamaza, na nadhani alifurahi kidogo.

"Ndugu zangu, mimi ni msafiri. Kama yupo niliyemkosea, kwa kujua au kwa kutojua, naomba aniwie radhi."

"Tumekusamehe!" wakaitika wote, kwa sauti moja, kama watoto wanaomwitikia mwalimu darasani.

Khalifa, kwa mapenzi yake ya amani, akamshika mkono akamleta hadi kwenye pazia. Baba akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Na wewe, mdogo wangu, niwie radhi, kama kuna nililokukosea."

Nilihesabu pumzi za Shangazi. Tatu.

"Bado, Kaka," akasema Shangazi.

"Bado nini?"

"Bado sijakusamehe. Ikiwa tayari nitakwambia."

Mngesikia ile zawia! Wanawake walivuta pumzi kwa pamoja. Mmoja akamvuta nguo akimnong'oneza, "Sema tu yaishe." Shangazi akamwondoa mkono taratibu, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Jumatatu Baba alinituma nikamlainishe. "Anakusikiliza wewe," akasema. Nilipofika, Khalifa naye aliingia, mikono ya kanzu ikiwa na vumbi la simenti. Shangazi alikuwa akichambua pamba. Hakusimama, ila alimsogezea kigoda.

"Bi Fundi, umetuumiza sana."

"Nimewaumiza au nimewaaibisha? Maana si kitu kimoja."

"Mtu anakwenda Nyumba ya Mungu! Anaomba radhi mbele ya watu. Neno moja tu lingekupunguzia nini?"

"Lingenipunguzia ukweli, na ndiyo akiba niliyonayo."

Khalifa akakaa. Akamkumbusha daraja ya wenye kusamehe, akamkumbusha kwamba kinyongo ni uchafu wa moyo, na kwamba hakuna dhikiri itakayoingia penye uchafu. Yote aliyosema yalikuwa kweli, ndiyo maana yalikera.

"Kinyongo ninacho," akasema Shangazi. "Nakijua kilipokaa, najua na umri wake. Mwanzoni, kila baada ya sala ya alfajiri nilikuwa nasema, 'Ee Mola, nimemsamehe kaka yangu.' Nikajisikia kabisa namdanganya. Hebu fikiria, Khalifa, umekaa juu ya msala unamdanganya Mwenye msala! Nikaacha. Nikaanza kusema, 'Ee Mola, nipe kutaka kumsamehe.' Huu mwaka wa saba. Kutaka nimeshapewa. Kusamehe kwenyewe bado."

"Hiyo ni nafsi yako inakuchezea. Inakupenda ukiwa na hasira."

"Huenda. Ndiyo maana nasema bado. Sijasema kamwe."

Khalifa akapoteza subira, na mtu wa amani akipoteza subira huwa hana breki. "Na wewe je? Mama yako uliyekataa kwenda kumzika, nani amekusamehe?"

Mkono wa Shangazi ulisimama juu ya pamba. Akaniangalia mimi. Si kwa muda mrefu. Nami nikaitazama turubai, nikakuta hapo kuna kitu cha maana sana cha kutazama.

"Muulize msafiri," akasema hatimaye. "Ameomba radhi kwa jambo gani? Kama analijua, alitaje. Kama halijui, ameomba nini?"

"Basi, mpaka umsamehe, usiingie kwenye duara letu. Hatuwezi kumtaja Mola na kinyongo kikiwa katikati yetu."

"Ukimtoa kila mwenye kinyongo, Khalifa, utabaki wewe na busati."

Khalifa aliondoka ametahayari. Nikabaki na Shangazi na ule mlima wa pamba. Nilitaka kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Nikasema, "Shangazi, una haki yako," jambo ambalo lilikuwa rahisi na halikunigharimu kitu. Akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepewa mto wakati ameomba godoro.

Ijumaa iliyofuata, Baba akitarajiwa kusafiri Jumapili yake, nilimkuta Shangazi ameketi kwenye kizingiti cha zawia, juu ya kijigodoro kidogo alichojishonea, tasbihi mkononi. Watu walilazimika kuinua kanzu na kumruka ili waingie.

"Shangazi, si amekutoa?"

"Amenitoa ndani. Kizingiti si ndani."

"Watu wanakutazama."

"Na watazame. Walikuja kumtaja Mungu, wakipata na cha kutazama, hiyo ni nyongeza."

Nikaingia. Dhikiri ilipoanza, sauti yake ilitoka mlangoni, nyembamba na kavu, nusu hatua nyuma ya wengine, na haikukatika. Ilinichoma. Kisha Khalifa akainua mikono kumwombea msafiri dua, afya njema, safari ya salama, hija yenye kukubaliwa. Mwisho akasema, "Na zile nyoyo zilizokuwa ngumu, Mola azilainishe." Zawia nzima ikasema amina huku shingo zikigeukia mlangoni.

Mwanamke aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, kwa huruma kabisa, "Sikushangai kumwonea aibu shangazi yako. Hata mama yake hakumzika."

Sikusimama kwa ushujaa. Nilisimama kama mtu anayetapika, ambaye hachagui mahali.

"Hakuna aliyepelekwa kumwita!" nikapiga kelele kupitia pazia. "Nilikuwepo! Bibi alimwita siku nne, na hakuna aliyetumwa. Hakukataa kuja. Hakujua. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la maji!"

Sijui kwa nini nilitaja sinia. Nikajua Baba ataniita mwongo, na watu watamwamini, kwa kuwa ni Baba. Nikasikia akikohoa. Nikasikia miguu yake kwenye busati, mizito, ikielekea mlangoni.

Nilifunua pazia. Baba alikuwa amesimama mbele ya kizingiti, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba amezeeka. Shangazi hakuinuka. Ikabidi Baba achuchumae, na magoti yake yalilia.

"Mama alikuita," akasema. Sauti haikuwa ya mwalimu. "Siku nne. Nikasema kesho, nikasema kesho. Nilitaka uje kwa kunyenyekea. Alipokufa niliona aibu, nikawaambia watu nilikuita ukakataa. Hawa hapa ndio niliowaambia. Nilisema uongo juu yako siku ya maziko ya mama yetu, na nimeishi nao miaka saba."

Hakusema "kama."

Shangazi aliweka kiganja kifuani, akafumba macho. Watu wakangoja. Khalifa akafungua kinywa, mtu mmoja akamfinya. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuogopa. Hakuwa akifanya maonyesho, alikuwa akipapasa ndani, vilevile anavyopapasa godoro akitafuta bonge lililobaki.

Akafumbua macho. "Nimekusamehe, Kaka," akasema, na machozi yakamtoka yote kwa mara moja. "Nenda salama. Ukirudi, mimi nami nina langu la kukuambia."

Khalifa alisogea, uso umemshuka. "Bi Fundi, ingia ndani. Nisamehe na mimi, nilikuhukumu kabla sijajua."

Shangazi akamtazama. "Wewe umelitaja kosa lako kwa jina. Nimekusamehe." Akaokota kijigodoro chake, akaingia.

Nami nikajiona shujaa, nakiri. Baada ya sala nilimwendea nikitarajia kukumbatiwa, shazia na yote. Alikuwa akikunja msala.

"Godoro la mama," akasema. "Nani alimwelekeza mwenye mkokoteni?"

"Mimi."

"Ulijua atalileta kwangu?"

"Nilijua."

"Na mdomo ulikuwa nao."

"Nilikuwa nao, Shangazi. Niwie radhi. Nilikuacha uambiwe msiba wa mama yako na mwenye mkokoteni, halafu nikanyamaza miaka saba."

Akaweka kiganja kifuani. Nikatabasamu nikingoja.

"Bado," akasema. "Jumatatu lete hilo godoro."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikalipeleka. Alilifumua mwenyewe. Alipofika upande wa kushoto aliingiza mkono, akatoa mabonge matano ya pamba iliyosokotwa na kufungwa uzi, akayapanga mbele yangu juu ya turubai. Hayakuwa mabonge ya uzee. Yalikuwa yametengenezwa.

"Mwenye mkokoteni aliniambia kaka yangu ndiye atakayelilalia," akasema. "Nikayasokota haya kwa mkono wangu, nikayatia, nikayashonea kitambaa safi juu yake. Mimi! Nikijua ninachofanya. Kila alfajiri kwa miaka saba nilimwona moyoni mwangu akigeuka usingizini juu yake. Khalifa alipoutaja uchafu wa moyo alidhani ananifundisha. Jumapili nilipofika kwenu, Baba yako akishaondoka, mama yako, wifi yangu, ndiye aliyeniambia nani hulilalia." Akanitazama machoni. "Nilikuumiza mgongo miaka saba, mwanangu, kwa hasira isiyokuhusu. Niwie radhi."

"Ah, Shangazi, nime—"

Akachomoa shazia kilembani, akainyoosha kama kidole cha mwalimu. "Pole pole! Ulimi huo unakimbilia wapi? Jikague kwanza."

Nikaweka kiganja kifuani nikajisikia mjinga. Kisha nikaanza kupapasa. Nikazikumbuka zile asubuhi nilizoamka nimepinda kama kikongwe, nikaenda kazini nikijiambia hii ni haki yangu. Nikakumbuka hata daktari aliyeniuliza kama nabeba mizigo. Na kweli hapo ndani, chini kabisa, nikakiona kitu kidogo, kigumu, kimekaa.

"Bado," nikasema.

Shangazi alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha enzi za Bibi, mpaka fundi baiskeli akachungulia kuuliza kuna nini. Akajipangusa macho kwa mkono uliojaa pamba, akanisukumia nusu ya mlima.

"Basi kaa," akasema. "Anza na hilo kubwa."